Kizazi cha Tisini na Moja

Jina la utani alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, likamkaa mpaka lile alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu. Mama Viwavi. Hakuwa na shamba wala hakuwa mchawi, ingawa jirani mmoja aliwahi kuhama kiti kwenye basi alipoona alichopakata. Alikuwa mlezi wa wadudu katika maabara, jengo la ghorofa mbili lenye dari inayovuja. Kazi yake ilikuwa kuwalisha viwavi, kuwazalisha, na kuwafikisha wakiwa wanono mezani kwa Daktari. Daktari naye, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, kazi yake ilikuwa kuwachoma sindano yenye vijidudu na kuangalia nani anakufa na nani anapona.

Baba yake Mama Viwavi alikuwa mfuga nyuki. Katika nyumba aliyokulia, kiwavi wa nondo wa nta hakutajwa bila kutukanwa, maana ndiye anayeingia mzingani akatafuna masega mpaka nyuki wenyewe wanahama. Binti alipomweleza mzee kwamba amepata ajira ya kuwalisha wadudu wale wale asali, tena kwa kijiko, mzee aliuliza kama serikali inajua. Hadi anafariki hakukubali kwamba ile ni kazi.

Lakini ilikuwa kazi, na aliijua. Chumba chake kilikuwa na kabati la joto refu kama jokofu, na ndani yake chupa za kioo zenye vifuniko vya wavu. Chakula alikichanganya mwenyewe kila Jumatatu: pumba, asali, nta kidogo, akikanda mpaka kikawa kama udongo wa kufinyangia. Alirudi nyumbani ananukia asali. Mumewe, fundi saa mwenye macho mabovu na mdomo mzima, alikuwa akisema nzi wanampenda mke wake kuliko anavyompenda yeye.

Watu wengi hawajui kama kiwavi ana damu, na wanaojua hudhani ni nyekundu. Si nyekundu. Ni ya njano iliyopauka, kama chai iliyotiwa majani machache, na ukiiacha wazi dakika chache inageuka nyeusi tititi. Kule kugeuka nyeusi ni silaha mojawapo. Kiwavi hana kumbukumbu ya ugonjwa kama sisi tunaochanjwa utotoni, lakini asidharauliwe. Katika damu yake zipo chembe zinazomzingira mdudu mgeni na kumfungia kama mfungwa, na upo ule weusi unaomgandisha. Zipo pia protini ndogo ndogo zinazotoboa ngozi ya vijidudu mpaka vinapasuka, na hizo haziko nyingi siku zote. Kiwavi anazitengeneza akishachomwa, akishaonja hatari. Ndiyo maana aliyechomwa mara moja akapona, ukimchoma tena baada ya siku mbili, atakuangalia tu. Na wanawe nao huweza kuzaliwa na makali hayo.

Hapo ndipo palipokuwa na uzito wa kazi ya Mama Viwavi. Ili Daktari ajue sindano imeamsha nini katika damu, alihitaji viwavi ambao hawajawahi kuamshwa kwa lolote, wala mama zao, wala bibi zao. Mama Viwavi aliwalea hao kwa miaka kumi na sita. Aliwaita ukoo. Kila kizazi kilichukua wiki saba hivi, kutoka yai hadi nondo anayetaga, na kila kizazi kilikuwa na ukurasa wake katika daftari kubwa la jalada jekundu: siku ya mayai, siku ya vifukofuko, siku ya nondo. Sharti lilikuwa moja, nalo halikuwa na mjadala. Kiwavi akishaingia chumba cha sindano hatoki. Afe au apone, mwisho wake ni friza. Maabara nyingine, hata za ng'ambo, ziliomba mayai ya ukoo ule, na kila yalipopelekwa Mama Viwavi alitia sahihi barua inayosema ni safi. Hakuwa na shahada. Alikuwa na sahihi ile, na aliithamini kuliko watu wengine wanavyothamini nyumba.

Sasa tumtaje wifi.

Wifi alikuwa mdogo wake fundi saa, wa mwisho kuzaliwa. Mama mkwe alipofariki, alikuja kukaa kwa kaka yake akiwa na miaka kumi na tisa, mfuko mmoja wa nguo na kikohozi kisichoisha. Mama Viwavi hakuwa na mtoto wa kike. Alimpeleka hospitali, akampikia uji, akamsuka nywele sebuleni kila Jumapili huku wakicheka mpaka kaka mtu anawafukuza. Baada ya mwaka akamwombea kazi ya kuosha chupa. Baadaye akamfundisha kukanda chakula, kutofautisha dume na jike, kumshika kiwavi bila kumbana, kwa sababu hata kubanwa kunaamsha damu. Akamfundisha na daftari. "Andika siku ileile unayoona kwa macho," alimwambia mara nyingi mno. "Usiandike ya kukumbuka." Kwa miaka ishirini na miwili walikula chakula cha mchana kwenye meza moja. Wengine kazini walidhani ni ndugu wa tumbo moja, na hakuna aliyewasahihisha.

Miaka mitatu iliyopita Mama Viwavi alipasuliwa. Jiwe la nyongo liliharibu mambo tumboni, upasuaji mmoja ukawa miwili, na siku ishirini hakujijua. Alilala hospitali wiki sita. Ukoo ulikuwa umefika kizazi cha tisini na moja. Maneno yake ya kwanza alipozinduka, mumewe anasimulia mpaka leo kwa uchungu wa mume, hayakuwa juu ya mumewe. Aliuliza, "Viwavi?" Wifi akiwa pembeni ya kitanda akamshika mkono. "Wapo, wifi. Usiwe na wasiwasi."

Aliporudi kazini akiwa mwembamba, chupa zilikuwa zimejaa, daftari limeandikwa, sakafu inang'aa. Alimkumbatia wifi katikati ya chumba akalia. Wiki ile ile alimnunulia kitambaa cha gauni, akapeleka na fedha ya mshonaji. Wifi alilivaa gauni lile miaka miwili mfululizo.

Matatizo yalianza kidogo kidogo. Dozi ya vijidudu iliyokuwa ikiua viwavi wanane katika kumi ikaanza kuua watano, kisha watatu. Daktari alilaumu vijidudu kwanza. Akatupa vyote, akaagiza vingine. Kisha akalaumu maji, na baada ya maji, mabomba ya sindano. Mwaka ukaisha hivyo. Halafu ikaja barua kutoka maabara ya mbali iliyokuwa imechukua mayai ya ukoo ule ule miaka sita nyuma. Viwavi wao walikufa wanane katika kumi kama ilivyoandikwa vitabuni. Walitaka kujua kuna nini huku.

Daktari alimwita Mama Viwavi akaiweka barua mezani. "Mama, naomba nikuulize mara moja tu. Ukoo wako ni safi?"

"Ni safi."

"Una uhakika?"

"Anayeugusa ni mimi na wifi yangu. Yeye namwamini kuliko mkono wangu."

Alisema hivyo bila kupepesa macho, maskini. Alikula kiapo juu ya kitu ambacho hakukikagua, kwa sababu katika maisha yake yote ya kukagua hakuwahi kufikiri kumkagua mtu.

Hata hivyo barua ilimkera. Asubuhi iliyofuata alichukua viwavi kumi kutoka kwenye ukoo, ambao hawajaonja sindano, akawatoboa mguu mmoja mmoja na kukinga tone la damu kabla halijawa jeusi. Akaliweka kila tone kwenye kisahani kilichooteshwa vijidudu juu ya rojo, akafunika, akaacha mpaka kesho. Jambo lenyewe ni rahisi kusoma. Damu iliyolala haifanyi kitu. Vijidudu vinaota mpaka kwenye ukingo wa tone. Damu iliyoamka huua vilivyo karibu yake, na kuzunguka tone hubaki duara safi.

Kesho yake alifungua visahani dirishani. Maduara manane, safi kabisa, makubwa kama kifungo cha shati. Aliyapima kwa rula. Akayapima tena. Wifi alikuwa chumba cha pili akiosha chupa, anaimba.

Mama Viwavi alikaa kwenye kiti chake na daftari jekundu, akaanza kusoma nyuma. Hakujua anatafuta nini. Alirudi ukurasa mmoja mmoja, mwandiko wake na wa wifi ukipishana, mpaka akafika kizazi cha tisini na moja, kile cha wiki zake sita za kitandani. Ukurasa ule aliwahi kuusoma, aliporudi kutoka hospitali, kwa macho ya mtu anayeshukuru. Sasa aliusoma kama mlezi. Mayai: tarehe tatu. Vifukofuko: tarehe ishirini na mbili, mwezi ule ule.

Siku kumi na tisa. Kiwavi wa nondo wa nta anahitaji si chini ya wiki tano kutoka yai mpaka ajisokotee kifukofuko, hata umbembeleze vipi. Msomaji mwingine yeyote angepita juu ya tarehe zile kama anavyopita juu ya kokoto. Mama Viwavi alijikwaa. Viwavi waliojisokota tarehe ishirini na mbili hawakutoka kwenye mayai yale. Walikuwa wakubwa tayari, na viwavi wakubwa nje ya ukoo walikuwa mahali pamoja tu katika jengo lile, chumba cha sindano. Wifi alidanganya kila kitu isipokuwa tarehe. Siku ileile aliyoona kwa macho, ndiyo aliyoandika, kama alivyofundishwa.

Alimkuta kwenye karo, mikono imejaa povu. Akamwekea daftari juu ya taulo kavu, akaweka kidole kwenye mstari.

Wifi aliangalia. Alifunga bomba.

"Kabati lilipandisha joto," akasema. "Jumamosi na Jumapili sikuja. Nilikuwa nimechoka, wifi, nilikuwa nakuja hospitali, nakuja huku, nampikia kaka. Jumatatu nikakuta wote wameiva. Kila chupa."

"Wote."

"Hata mayai."

Mama Viwavi alishika ukingo wa karo. Miaka kumi na mitatu ya ukoo ilikuwa imekufa siku mbili, na yeye alikuwa ameishi miaka mitatu mingine akiulisha asali maiti yake. "Ukachukua waliopona sindano."

"Walikuwa thelathini na nane. Walikuwa wazima, wifi, wanono. Walikuwa wanakwenda friza tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na mirija puani."

"Na nilipotoka?"

Wifi alikausha mikono kidole kimoja kimoja. "Ulinikumbatia, ukalia, ukanishukuru. Hebu niambie ningesema nini pale."

Hapo, nawaambia ukweli, Mama Viwavi alikuwa tayari kumsamehe. Hofu anaijua. Angeweza kuumeza uongo ule mmoja kama alivyomeza dawa chungu nyingi. Akauliza swali moja zaidi, na ingekuwa heri asingeliuliza. "Ilikuwa mara ile moja tu?"

Wifi akatazama dirisha. "Wakipungua nilikuwa naongeza. Wale wa kupona ni wagumu, hawafi ovyo. Chupa zinajaa haraka."

"Mpaka lini?"

"Mwezi uliopita."

Siyo ajali tena, basi. Ilikuwa njia ya mkato, na alikuwa akiipita kila mwisho wa juma, kisha Jumatatu anakuja kukaa meza moja na mwenzake, anapokea nusu ya chungwa lake, anamsikiliza akiwasifia viwavi wasiokufa. Mama Viwavi alikumbuka kwamba aliwahi kujisifu kwake, tena kwa majivuno, kwamba safari hii chakula amekipatia kweli kweli. Wifi alicheka akasema mkono wako una baraka. Aliyekuvika kilemba cha ukoka ukajitazama kwenye kioo, utamwambia nini?

"Viwavi ni viwavi, wifi," yule mdogo akasema, sasa analia. "Wewe una miezi minane ustaafu. Hawatakufanya lolote. Mimi nina watoto wawili shule. Wakijua ni mimi, leo hii natoka. Nakuomba. Sema umechoka, umri, umesahau. Watakuelewa wewe."

Mama Viwavi alivua koti la kazi, akaomba ruhusa, akaenda nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo fundi saa aliliona akadhani kuna msiba. Alimweleza yote. Mumewe aliweka chini saa aliyokuwa akiifungua, akakaa na kioo chake jichoni kama amesahau kukitoa.

"Ni mdogo wangu," akasema mwishowe.

"Najua ni nani."

"Sikuambii ufanye nini."

Lakini alikuwa ameshamwambia. Mama Viwavi alipika, akala kidogo, akafua mashati ambayo hayakuwa machafu. Alifikiria ile sahihi yake, barua zote zilizokwenda kote huko, na watu wasiomjua waliomwamini kwa karatasi. Alifikiria watoto wawili, ambao wanamwita shangazi wakijua kabisa kwamba si shangazi. Alikuwa na hasira, hasira hasa, ya kutaka kuvunja kitu, na chini ya hasira kulikuwa na yule binti wa kikohozi na mfuko mmoja wa nguo. Kabla jua halijashuka alikuwa amekata shauri. Atalibeba yeye. Atasema ni uzee wake, atatia sahihi ya mwisho kwenye uongo, na wifi atabaki na kazi yake. Kisha hatakula naye tena meza moja, lakini hilo litakuwa kati yao.

Asubuhi alivaa vizuri. Alichukua daftari chini ya kwapa, kwa sababu ukoo ukifungwa daftari linakabidhiwa, akagonga kwa Daktari akiwa ameshapanga maneno yake mstari kwa mstari.

Daktari alisimama kumpokea, na hilo halikuwa kawaida yake. Akamvutia kiti. "Kaa, Mama. Usijisumbue kueleza. Nimeshaambiwa."

"Umeambiwa nini?"

"Wifi yako alikuja jana mchana, baada ya wewe kuondoka. Alilia sana. Amesema amekuwa akikuona siku nyingi ukiwarudisha waliopona kwenye chupa kwa kuwahurumia, akashindwa kukusema kwa heshima. Amesema hata ulipokuwa mgonjwa ulimwagiza yeye afanye hivyo kutoka kitandani, akaogopa kukataa." Daktari alishusha sauti, kwa upole ambao ulikuwa mgumu kuuvumilia. "Nimesikitika, sikufichi. Lakini umetumikia miaka mingi. Nitatafuta namna uondoke kwa heshima."

Mama Viwavi hakukaa. Yale aliyokuja kuyatoa kama zawadi yalikuwa yameshachukuliwa. Tena yalichukuliwa wakati yeye yuko nyumbani anafua mashati na kumtafutia mwizi njia ya kupona. Hakusubiriwa hata siku moja. Wifi alimlilia kwenye karo, akapanda ngazi na machozi yale yale kabla hayajakauka, akamruka kimanga mbele ya mtu wa tatu. Mama Viwavi alishika mgongo wa kiti, na maneno aliyokuwa ameyapanga usiku kucha hakuyaona tena.

Akaliweka daftari mezani. Akalifungua kizazi cha tisini na moja, akaligeuzia upande wa Daktari.

"Soma tarehe tatu," akasema, "kisha soma ishirini na mbili. Halafu piga simu hospitali, waulize kati ya tarehe hizo nilikuwa naweza kumwagiza mtu nini. Nilikuwa sijui hata kama nina mume."

Daktari alisoma. Alikuwa mtu wa wadudu naye. Hakuhitaji kuelezwa siku kumi na tisa ni nini. Alirudisha macho kwenye mstari wa kwanza, akahesabu kwa midomo. Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo kwenye korido.

"Huu mwandiko ni wa nani?" akauliza, ingawa aliujua.

Neno lilikuwa limeshafika ulimini, lile alilolitumia kila siku kwa miaka ishirini na miwili, sebuleni akisuka na mezani akigawa chungwa. Mama Viwavi alilirudisha.

"Wa mfanyakazi mmoja wa hapa," akasema. "Yuko chini, anaosha chupa. Mwite."